Jina Halipatikani: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Kasoro kwenye Seva ya DNS Yenye Akiba katika Linux

Mtu anapolalamika kwamba intaneti imekatika, ilhali taa za ruta zinawaka na amri ya `ping 1.1.1.1` inajibiwa bila shida, mara nyingi kilichokatika si intaneti bali ni uwezo wa kompyuta yake kugeuza jina kuwa anwani, kazi inayofanywa na mfumo wa DNS. Ofisi nyingi ndogo, shule, na hata nyumba zenye kompyuta kadhaa huweka seva yao ya DNS ya ndani, ambayo hulitafuta jina mara moja na kuliweka jibu lake katika akiba, ili atakayeuliza tena ajibiwe papo hapo bila swali kwenda nje. Mpango huo ni mzuri, hasa pale ambapo kila safari ya kwenda nje hugharimu muda na bando. Hata hivyo, unaongeza kituo kimoja zaidi ambamo kasoro inaweza kujificha, na akiba yenyewe hukumbuka majibu mabaya kama inavyokumbuka majibu mazuri.

Mwongozo huu unatumia Debian 12 na Unbound, programu inayotengenezwa na NLnet Labs ya Uholanzi. Seva ya mfano ina anwani 192.168.10.2 na inahudumia kompyuta za ofisi moja. Anayetumia dnsmasq au systemd-resolved ataweza kuufuata vilevile, kwa kuwa njia ya swali ni ileile, na pale amri zinapotofautiana nimeeleza.

Kuna jambo moja ambalo ninaliomba kwa msisitizo kabla ya yote: uliza kwanza, kisha ndipo uwashe upya ukilazimika. Akiba ya Unbound hukaa katika RAM. Ukitoa amri ya `systemctl restart unbound`, unafuta majibu yote yaliyohifadhiwa, pamoja na orodha ya seva za nje ambazo Unbound ilikuwa imezihesabu kuwa hazijibu na majina ambayo ilikuwa imeyakataa. Huo ndio ushahidi wako. Tatizo litatoweka, watu watarudi kazini, na baada ya siku chache litarudi tena nawe hutakuwa na pa kuanzia.

## Njia ambayo swali hupita

Kivinjari au ssh kwa kawaida haiiulizi seva ya DNS moja kwa moja. Huiomba maktaba ya mfumo, yaani glibc, ifanye kazi hiyo. Maktaba husoma mstari wa `hosts:` katika faili ya /etc/nsswitch.conf ili ijue ianzie wapi. Mara nyingi huanza na /etc/hosts, na jina lisipopatikana humo hufungua /etc/resolv.conf na kupeleka swali kwenye seva iliyotajwa, kupitia poti 53. Swali likifika kwa Unbound, akiba hutazamwa kwanza. Jibu lisipokuwamo, Unbound huenda kuuliza seva za mzizi, ambazo majina yake ni 13 kuanzia herufi a hadi m, huelekezwa kwa seva za kikoa cha juu kama .tz, .ke au .org, na mwishowe hufika kwa seva yenye mamlaka juu ya jina lenyewe.

Kazi yote ya kutafuta kasoro ni kusimama katika kila kituo cha njia hiyo, kwa mpangilio, na kuuliza swali lilelile. Kituo cha kwanza kinachotoa jibu tofauti na kinachokifuata ndicho cha kuchunguza.

## Hatua ya kwanza: soma ujumbe wa kosa neno kwa neno

Mwombe mlalamikaji akuoneshe skrini yake badala ya kukusimulia, kwa sababu ujumbe wenyewe tayari unagawa njia katika sehemu mbili. Ukiona `Temporary failure in name resolution`, maana yake ni kwamba maktaba haikupata jibu la kuaminika: ama seva ilikaa kimya, ama ilijibu kwamba imeshindwa. Ukiona `Name or service not known`, mara nyingi seva ilijibu vizuri kabisa, na jibu lake lilikuwa kwamba jina hilo halipo. Katika hali ya kwanza unatafuta seva iliyokwama au njia iliyozibwa, na katika ya pili unatafuta herufi iliyokosewa, kikoa kilichosahauliwa, au jibu la zamani lililobaki katika akiba.

Hakikisha pia kwamba mtandao wenyewe upo, kwa `ip route` na kwa kupigia ping anwani ya ruta na anwani moja ya nje. Hili linachukua nusu dakika, na linakuepusha na saa nzima ya kuisumbua DNS isiyo na hatia.

## Hatua ya pili: linganisha getent na dig

Amri hizi tatu, zikitolewa kwenye kompyuta ya mlalamikaji, ndizo zinazonisaidia kuliko nyingine zote. Amri ya dig inapatikana katika kifurushi cha bind9-dnsutils.

```
getent ahosts www.debian.org
dig www.debian.org
dig @192.168.10.2 www.debian.org
```

Ya kwanza hupita njia yote ambayo programu za kawaida hupita, kuanzia nsswitch.conf. Ya pili huruka nsswitch.conf na /etc/hosts, husoma resolv.conf tu na kuuliza. Ya tatu huiuliza seva unayoitaja, bila kujali kilichoandikwa katika resolv.conf. Watu wengi huishia kwenye dig, huona jibu zuri, kisha hushangaa kwa nini kivinjari bado kinalalamika. Wamesahau kwamba dig haikupita mlango uleule.

Ikiwa getent inashindwa na dig inafaulu, kasoro iko ndani ya kompyuta hiyo. Tazama kwanza kama kuna mstari wa zamani katika /etc/hosts, ulioandikwa siku ya majaribio na kuachwa. Kisha tazama nsswitch.conf. Kwenye kompyuta nyingi za mezani mstari huo unasomeka hivi:

```
hosts: files mdns4_minimal [NOTFOUND=return] dns
```

Maneno yaliyo ndani ya mabano ya mraba yana uzito mkubwa. Yanasema kwamba jina linaloishia na .local likikosekana kwa njia ya mDNS (kompyuta za mtandao mmoja kuulizana majina zenyewe bila seva), utafutaji ukome hapohapo, yaani DNS isiulizwe kabisa. Ofisi iliyoyaita mashine zake majina kama `faili.local` inaweza kupata majibu mazuri kwa dig na kukosa kila kitu katika programu. Tiba ya kudumu ni kuacha .local, ambayo imetengwa kwa mDNS tangu mwaka 2013, na kuhamia kwenye .internal, ambayo ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti, iliitenga mwaka 2024 kwa mitandao ya ndani.

Ikiwa amri ya pili inashindwa na ya tatu inafaulu, tatizo liko katika resolv.conf. Zote tatu zikishindwa, nenda moja kwa moja kwenye seva, yaani hatua ya nne.

Usisahau kwamba vivinjari vya siku hizi vinaweza kuwa na DNS yao wenyewe inayopita ndani ya HTTPS, na hapo seva yako haiulizwi kabisa. Kama jina la ndani linapatikana kwa getent lakini halipatikani katika Firefox, fungua mipangilio ya kivinjari kabla ya kugusa kitu kingine.

## Hatua ya tatu: nani anaiandika resolv.conf

Usianze kwa kuihariri. Anza kwa kuiangalia kwa `ls -l /etc/resolv.conf`, kwa sababu mara nyingi si faili ya kawaida bali ni kiungo kinachoelekeza kwingine. Ikielekeza kwenye /run/systemd/resolve/stub-resolv.conf, msimamizi ni systemd-resolved, na utakuta ndani yake anwani 127.0.0.53, hapo amri ya `resolvectl status` ndiyo itakayokuonesha seva halisi inayotumika kwa kila kadi ya mtandao. Ikiwa mstari wa juu unamtaja NetworkManager, mabadiliko yoyote ya mkono yatafutwa kompyuta itakapounganishwa tena na mtandao, na mahali pa kurekebisha ni mipangilio ya muunganisho huo au DHCP ya ruta, yaani huduma inayogawa anwani.

Kisha hesabu mistari ya nameserver. Glibc husoma isiyozidi mitatu, na hapa ndipo ulipo mtego ambao nimeukuta mara nyingi zaidi ya mingine. Fundi huweka seva ya ndani katika mstari wa kwanza na 8.8.8.8 katika mstari wa pili, akiamini kwamba ameweka akiba ya dharura. Maktaba haiichukulii seva ya pili hivyo: huigeukia kila mara seva ya kwanza inapokaa kimya au inaposema imeshindwa, na huamini jibu lolote inalopewa. Seva ya Google haijui jina `faili.ofisi.internal`, hivyo itajibu kwamba jina halipo, na mtumiaji ataambiwa kwamba seva ya mafaili haipo duniani, ilhali dakika moja baadaye itapatikana. Tatizo la namna hii, linalokuja na kuondoka, humchosha fundi kuliko lile lililokatika moja kwa moja. Wakati wa uchunguzi bakiza mstari mmoja tu. Ukitaka seva ya pili, iwe seva nyingine ya ndani inayojua majina yaleyale.

Kipimo kingine kizuri ni saa ya mkononi. Glibc kwa kawaida husubiri sekunde 5 kabla ya kuiacha seva iliyo kimya. Kwa hiyo kurasa zikifunguka kila mara baada ya kusubiri kwa takriban sekunde 5, kisha zikaenda vizuri, karibu hakuna shaka kwamba seva ya mstari wa kwanza imekufa na ya pili inabeba mzigo.

## Hatua ya nne: je, seva ipo na inasikiliza?

Sasa ingia kwenye seva yenyewe.

```
systemctl status unbound
sudo unbound-checkconf
sudo ss -lunp 'sport = :53'
sudo ss -ltnp 'sport = :53'
sudo journalctl -u unbound -b
```

Kuna amri mbili za ss kwa sababu DNS hutumia njia mbili za kusafirisha data, UDP na TCP, na seva inayosikiliza upande mmoja tu itafanya kazi kwa majibu mafupi na kukwama kwa marefu. Katika matokeo, tazama anwani iliyo kabla ya `:53`. Ukiona 127.0.0.1 peke yake, seva inajihudumia yenyewe tu, na kompyuta nyingine hazitaifikia hata kama kila kitu kingine ni kizima. Ongeza `interface: 127.0.0.1` na `interface: 192.168.10.2` katika mipangilio. Kwenye Ubuntu, Unbound inayojaribu kusikiliza anwani zote hugongana na systemd-resolved iliyokwisha kukalia poti hiyo, na kumbukumbu za huduma zitaonesha `Address already in use`. Ama taja anwani mahususi za kusikiliza, ama weka `DNSStubListener=no` katika /etc/systemd/resolved.conf.

Kama seva inajijibu yenyewe lakini haiwajibu wengine, linganisha namna inavyokataa. Jibu la REFUSED lina maana kwamba swali lilifika, likasomwa, na Unbound ikakataa kwa sababu mtandao wa muulizaji haumo katika orodha ya `access-control`. Bila mstari kama `access-control: 192.168.10.0/24 allow`, inayoruhusiwa ni mashine yenyewe tu. Ukimya mtupu, kinyume chake, mara nyingi ni kazi ya ngome ya mtandao (firewall) iliyoitupa pakiti kabla haijafika. Hizi ni dalili mbili zenye tiba mbili, na ukizichanganya utahariri faili isiyohusika.

## Hatua ya tano: soma jibu la dig kikamilifu

Watu wengi hutazama kama kuna anwani au hakuna, kisha hufunga dirisha. Jibu la dig lina mengi zaidi ya hayo. Tazama neno lililo baada ya `status:`. NOERROR yenye anwani ni jibu zuri; NOERROR isiyo na anwani ina maana kwamba jina lipo lakini halina rekodi ya aina uliyoiuliza, jambo la kawaida unapouliza AAAA (rekodi ya anwani ya IPv6) kwa tovuti isiyo na IPv6. NXDOMAIN inasema jina halipo. SERVFAIL inasema kwamba seva yako ilijaribu na kushindwa, na hilo ndilo neno litakalotushughulisha hadi karibu mwisho wa mwongozo huu.

Chini kabisa kuna mistari ya `SERVER` na `Query time`. Wa kwanza unakuambia ni nani hasa aliyejibu, na mara kadhaa si yule uliyemdhania. Wa pili unakuonesha akiba ikifanya kazi: uliza jina ambalo halijaulizwa leo, utaona pengine milisekunde mia au zaidi, uliza tena, utaona 0 au 1. Katika swali la pili tazama pia namba iliyo kati ya jina na neno IN. Hiyo ni TTL, yaani sekunde zilizobaki kabla jibu halijatupwa, na inapaswa kuwa imepungua kulingana na muda uliopita. Kama kila ukiuliza muda unabaki mrefu na TTL haipungui, akiba haifanyi kazi, au unaulizia mahali pengine kabisa.

Ukitaka picha ya siku nzima, tumia:

```
sudo unbound-control stats_noreset | grep '^total.num'
```

Linganisha cachehits na cachemiss. Kwa dnsmasq, ambayo kwa kawaida huhifadhi majina 150 tu, uliza `dig +short chaos txt evictions.bind @127.0.0.1`, namba ikiwa inapanda kila saa, akiba ni ndogo kwa ofisi yako, na dawa ni kuongeza `cache-size`.

## Hatua ya sita: akiba inapokumbuka kilichopitwa na wakati

Tuseme umesajili `mpya.ofisi.internal` na haionekani, ingawa seva yenye mamlaka inaitoa vizuri ukiiuliza moja kwa moja. Karibu kila mara chanzo ni kwamba mtu aliulizia jina hilo kabla halijaandikwa. Jibu la "halipo" nalo huhifadhiwa, kwa utaratibu uliowekwa na RFC 2308 ya mwaka 1998, na muda wake hutokana na rekodi ya SOA, yaani maelezo ya msingi ya kikoa husika. Unbound huuwekea muda huo kikomo cha sekunde 3600, isipokuwa umeubadilisha. Fundi asiyelijua hili hukaa akihariri faili sahihi kwa saa nzima, kisha jina linapatikana lenyewe naye anadhani hariri yake ya mwisho ndiyo iliyoponya.

Futa jina moja, usifute akiba yote:

```
sudo unbound-control flush mpya.ofisi.internal
sudo unbound-control flush_zone ofisi.internal
sudo unbound-control flush_negative
```

Amri ya kwanza hutoa jina moja, ya pili hutoa kikoa na vyote vilivyo chini yake, na ya tatu hutoa majibu yote ya "halipo". Kwa systemd-resolved amri ni `resolvectl flush-caches`, na kwa dnsmasq ni `sudo pkill -HUP dnsmasq`, ambayo pia huifanya isome upya /etc/hosts.

## Hatua ya saba: SERVFAIL, sahihi na saa

Ofisi moja niliyokuwa nikiihudumia ilitumia kompyuta kuukuu ya mezani kama seva ya DNS. Asubuhi moja, umeme uliporudi baada ya kukatika usiku kucha, hakuna jina hata moja lililopatikana kwenye kompyuta yoyote. Intaneti ilikuwapo, Unbound ilikuwa hai na inasikiliza, mipangilio haikuwa imeguswa kwa miezi. Kila swali lilirudi na SERVFAIL. Kabla ya kuwasha chochote upya niliuliza mara mbili:

```
dig @127.0.0.1 www.debian.org
dig @127.0.0.1 +cd www.debian.org
```

La kwanza lilishindwa, la pili likaleta anwani. Alama ya +cd huiambia seva ilete jibu bila kuhakiki sahihi zake za DNSSEC, yaani saini za kidijitali zinazothibitisha kwamba jibu halikughushiwa. Kwa hiyo mpaka hapo nilijua kwamba safari ya kwenda nje na kurudi ni nzima, na kwamba Unbound inayapata majibu lakini inakataa kuyaamini. Nikaandika `date`. Saa ya seva ilikuwa imerudi nyuma zaidi ya mwaka mmoja, kwa sababu betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye ubao mkuu (motherboard) ilikuwa imekwisha, na umeme ulipokatika hapakuwa na kitu cha kuitunza saa.

Kila sahihi ya DNSSEC ina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kwa seva iliyoamini kwamba bado ni mwaka uliopita, sahihi zote za dunia zilikuwa hazijaanza kutumika. Na kwa kuwa mzizi wa DNS umetiwa sahihi tangu Julai 2010, hata kikoa kisicho na sahihi huhitaji uthibitisho kutoka juu kwamba kweli hakina, hivyo hakuna kilichosalimika. Kibaya zaidi, chrony iliyopaswa kuirekebisha saa ilikuwa imeelekezwa kwa `2.debian.pool.ntp.org`, ambalo nalo ni jina. Saa ilikuwa inaisubiri DNS, na DNS ilikuwa inaisubiri saa. Zingeweza kusubiriana hadi jioni. Kuwasha upya kusingesaidia chochote.

Tiba ya papo hapo ilikuwa kuiweka saa kwa mkono kwa `sudo date -s`, kuiamuru chrony imalizie kwa `sudo chronyc makestep`, na kuondoa majibu yaliyokataliwa kwa `sudo unbound-control flush_bogus`. Tiba ya kudumu ilikuwa betri mpya, pamoja na kuufungua mzunguko ule katika sehemu mbili. Kwanza, katika mipangilio ya chrony niliongeza chanzo cha saa kinachotajwa kwa anwani badala ya jina, ambacho katika ofisi ile kilikuwa ruta yenyewe. Pili, niliiambia Unbound isidai sahihi kwa majina ya saa:

```
server:
    domain-insecure: "ntp.org"
    val-log-level: 2
    ede: yes
```

Mistari miwili ya mwisho ni ya kukusaidia wewe. Wa val-log-level huandika katika kumbukumbu sababu ya kila jibu lililokataliwa, na wa ede huiwezesha Unbound kuambatanisha sababu hiyo kwenye jibu lenyewe, ili dig ikuoneshe, kwa mfano, kwamba sahihi imeisha muda au haijaanza. Raspberry Pi za kabla ya toleo la 5 hazina saa ya ndani kabisa, kwa hiyo anayeitumia mojawapo kama seva ya DNS aweke ulinzi huu siku ya kwanza, asingoje umeme ukatike.

Kama `+cd` inaleta jibu na saa ni sahihi, na kasoro ni ya kikoa kimoja tu, basi huenda mwenye kikoa hicho ndiye aliyeharibu sahihi zake. Ninakusihi usizime uhakiki wote kwa ajili ya tovuti moja. Weka `domain-insecure` kwa kikoa hicho peke yake, mjulishe mwenyewe, na uufute mstari huo atakaporekebisha.

## Hatua ya nane: nje ya mlango

Ikiwa hata `+cd` inaleta SERVFAIL, Unbound haipati majibu kutoka nje. Fanya jaribio hili, ambalo hugundua jambo lisiloonekana kwa macho:

```
dig @192.0.2.1 www.debian.org
```

Anwani hiyo imo katika kundi lililotengwa kwa mifano ya vitabuni. Hakuna seva iliyo nyuma yake. Inayotakiwa ni dig kusubiri na kuondoka mikono mitupu. Ukipata jibu, maana yake kuna kifaa njiani, pengine ruta yako au cha mtoa huduma, kinachodaka kila swali la poti 53 na kulijibu chenyewe. Unbound inayotaka kuanzia mzizi hadi mwisho haiwezi kufanya kazi yake ipasavyo katika hali hiyo. Njia ya kutokea ni kupeleka maswali ndani ya TLS, yaani yakiwa yamefichwa kwa usimbaji, kupitia poti 853:

```
server:
    tls-cert-bundle: /etc/ssl/certs/ca-certificates.crt
forward-zone:
    name: "."
    forward-tls-upstream: yes
    forward-addr: 9.9.9.9@853#dns.quad9.net
```

Kumbuka kwamba vyeti vya TLS navyo vina tarehe, kwa hiyo somo la saa linaendelea kuwa na nguvu hapa.

Jaribio lisipoleta jibu lolote, endelea kwa `dig +trace` ili uone safari inakwama kwa seva ipi, na kwa `dig +tcp` ili ujue kama TCP ya poti 53 imezibwa. Majibu marefu yanayopotea kwenye UDP huku mafupi yakipita ni dalili ya pakiti kubwa kukatwakatwa njiani. Unbound za karibuni hutumia kikomo cha baiti 1232 ili kuepuka hilo, lakini faili ya mipangilio iliyorithiwa kutoka toleo la zamani inaweza kuwa na `edns-buffer-size` kubwa zaidi, na inafaa kuondolewa.

Kuna jambo moja linalowapata zaidi wanaoishi na intaneti inayokatika na kurudi. Muunganisho ukipotea kwa nusu saa, Unbound hurekodi kwamba seva za nje hazijibu, na kumbukumbu hiyo hukaa hadi sekunde 900. Intaneti inarudi, ping inafanya kazi, lakini baadhi ya majina yanaendelea kushindwa kwa robo saa, na hapo ndipo wengi huwasha upya na kuridhika. Itazame kumbukumbu hiyo kwanza, kisha uifute peke yake bila kuigusa akiba ya majibu:

```
sudo unbound-control dump_infra | less
sudo unbound-control flush_infra all
```

Majina yakipona mara baada ya amri ya pili, umeipata sababu, na unaweza kuweka `infra-keep-probing: yes` ili Unbound iendelee kuzijaribu seva hizo badala ya kuzikatia tamaa.

## Majina ya ndani

Seva inayotoa majina ya nje vizuri na kushindwa kwa ya ndani huwa imekosa moja kati ya mistari hii, tukichukulia kwamba seva yenye mamlaka juu ya ofisi.internal ni 192.168.10.5:

```
server:
    domain-insecure: "ofisi.internal"
    private-domain: "ofisi.internal"
stub-zone:
    name: "ofisi.internal"
    stub-addr: 192.168.10.5
```

Wa kwanza unahitajika kwa sababu mzizi uliotiwa sahihi unathibitisha kwamba .internal haipo, na bila ruhusa yako Unbound itauamini mzizi badala ya seva yako. Wa pili unahitajika kama umeweka `private-address`, kwani kinga hiyo huondoa anwani za 192.168 katika majibu, nawe utaona NOERROR tupu. Kama seva yenye mamlaka iko kwenye mashine ileile kwa poti nyingine, ongeza `do-not-query-localhost: no`, mstari huu husahauliwa sana, na kosa lake halijielezi. Baada ya kila badiliko pitisha `unbound-checkconf`, kisha `sudo unbound-control reload` (isipokuwa badiliko la `interface`, ambalo huhitaji restart), ukijua kwamba reload nayo huifuta akiba.

Ukimaliza, rudi kwenye kompyuta ya mlalamikaji, si kwenye seva, na urudie `getent ahosts` kwa jina la nje, jina la ndani, na jina ambalo unajua halipo, ili uhakikishe kwamba hilo la tatu linakataliwa haraka badala ya kusubiriwa. Rudisha mistari ya resolv.conf uliyoiondoa kwa ajili ya majaribio, ila si ile ya seva zisizojua majina ya ndani. Kama uliongeza `verbosity` ili kuona zaidi, irudishe kuwa 1, kwa sababu kumbukumbu za ngazi za juu hukua haraka sana, na diski iliyojaa ni kasoro nyingine ambayo hutaki kuitafuta usiku wa leo.